Duka Lisilouliza Nani Kamtuma Mtoto

Sheria za mikataba za nchi nyingi humwona mtoto kuwa mtu asiyeweza kujifunga kikamilifu kwa ahadi ya malipo. Nchini Tanzania, Sheria ya Mikataba, ambayo chimbuko lake ni sheria ya India ya mwaka 1872, inamtaka anayeingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima, yaani miaka 18, na makubaliano ya asiyefikia umri huo huwa batili, maana yake huhesabiwa kana kwamba hayakuwahi kuwapo. Sheria hiyo mama ya India ilifafanuliwa hivyo mwaka 1903 na Baraza la Faragha la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa za makoloni, katika shauri la mkopeshaji aliyetaka kushikilia rehani iliyowekwa na kijana aliyekuwa bado chini ya umri. Kwa kanuni hiyo peke yake, mzazi anayekuta salio lake limeyeyuka kwa kununulia almasi, yaani sarafu, za mchezo wa simu wa Free Fire angerudishiwa fedha zake bila mjadala. Mambo hayaendi hivyo, kwa kuwa kampuni ya mchezo haisemi kwamba ilimuuzia mtoto. Inasema kwamba ilimuuzia mzazi, mwenye akaunti, mwenye kadi na mwenye namba ya siri, na kwamba mashine haina macho ya kutambua kidole kilichobonyeza ni cha nani.

Hoja hiyo ina uzito, na hupata nguvu zaidi katika jamii ambazo mtoto kutumwa dukani ni sehemu ya malezi. Mtoto anayefika kwa muuza duka na noti ya mama yake hanunui kwa niaba yake mwenyewe, bali ni mjumbe, na muuza duka humpa sukari na mafuta bila kumwuliza umri. Hata hivyo, muuza duka huyo huyo, akiona mtoto wa miaka 8 anataka pipi na soda za shilingi elfu hamsini, husita na kumwambia arudi kwanza akamwulize mama. Swali hilo dogo, ambalo halikuandikwa katika sheria yoyote, ndilo mpaka wa ujumbe wa mtoto, na mgogoro wote wa ununuzi wa michezo ya mtandaoni unatokana na duka lililojengwa kwa namna ambayo swali hilo haliulizwi.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jinsi duka hilo lilivyojengwa unapatikana Marekani, ambako Tume ya Shirikisho ya Biashara, chombo cha serikali kinacholinda walaji, iliziandama kampuni tatu kubwa katika mwaka mmoja. Kiini cha mashauri hayo kilikuwa ununuzi wa ndani ya mchezo, yaani mauzo ya sarafu, silaha au mavazi ya kubuni yanayofanyika wakati mchezo wenyewe, ambao mara nyingi hupakuliwa bure, unaendelea. Apple ilikubali Januari 2014 kurejesha angalau dola milioni 32.5. Katika shauri lake ilielezwa kwamba mzazi akishaandika nywila mara moja, mlango wa malipo ulibaki wazi kwa dakika 15, na katika dakika hizo mtoto aliweza kununua mara nyingi apendavyo bila kuulizwa tena. Mama mmoja alilalamika kwamba binti yake alitumia dola 2,600 katika mchezo wa kutunza hoteli ya wanyama. Google nayo, ambayo mlango wake ulibaki wazi kwa dakika 30, ilikubali Septemba ya mwaka huo kurejesha angalau dola milioni 19.

Amazon ilikataa kuafikiana na ikaenda mahakamani, na kwa sababu hiyo shauri lake linafundisha zaidi ya mengine. Kampuni hiyo ilipoanza kuruhusu ununuzi wa ndani ya mchezo mwezi Novemba 2011 haikudai nywila hata kidogo, na ilipoanza kuidai, mwezi Machi 2012, ilifanya hivyo kwa ununuzi mmoja unaozidi dola 20 tu, kana kwamba mtoto hawezi kununua kitu cha dola 19 mara kumi mfululizo. Mwezi Aprili 2016 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Seattle aliamua kwamba kutoza wateja bila idhini iliyotolewa kwa kuelewa ni kitendo kisicho cha haki, na baadaye akalikataa pendekezo la kampuni la kuwalipa wazazi kwa kadi za zawadi, ambazo zingewalazimu kuzitumia katika duka lile lile lililowakata fedha. Rufaa zilipoondolewa mwaka 2017, ununuzi wa zaidi ya dola milioni 70 ulistahili kurejeshwa. Fundisho la kisheria hapa ni kwamba idhini haipatikani kwa sababu tu kitufe kimebonyezwa. Muuzaji anapaswa kuonyesha kwamba mwenye fedha alijua fedha halisi inatoka, na kiasi gani.

Kutojua huko hutengenezwa kwa makusudi. Bei ndani ya mchezo haiandikwi kwa shilingi wala dola bali kwa almasi, kwa Robux au kwa V-Bucks, sarafu ambazo katika baadhi ya michezo mtoto huziokota pia bure anapocheza, kiasi kwamba zile zilizolipiwa na zile zilizookotwa humkalia machoni kama kitu kimoja. Sarafu hizo huuzwa kwa mafungu ambayo mara nyingi hayalingani na bei ya vitu, hivyo kila ununuzi huacha masalio yasiyotosha kununua kingine, ujanja usio mbali sana na ule wa muuza duka anayekosa chenji kila siku na kumjazia mteja pipi mkononi. Katika shauri la Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, Tume ilidai kwamba hadi mwaka 2018 watoto waliweza kununua V-Bucks kwa kubonyeza vitufe tu bila hatua yoyote ya mwenye kadi, na kwamba wateja waliopinga makato kupitia benki zao walifungiwa akaunti pamoja na kila walichokuwa wamekwisha kulipia. Kampuni hiyo ilikubali Desemba 2022 kulipa dola milioni 245 kwa ajili ya marejesho, mbali na faini ya dola milioni 275 iliyohusu faragha ya watoto.

Mataifa mengine yamepita njia tofauti. China, kwa kanuni za Novemba 2019, iliweka ukomo wa fedha zenyewe: mtoto wa chini ya miaka 8 haruhusiwi kulipa kabisa, na wa kati ya miaka 8 na 16 hawezi kuvuka yuani 200 kwa mwezi. Ujerumani iliacha suala mikononi mwa majaji, na mwaka 2017 mahakama kuu ya shirikisho iliamua kwamba mama mmoja hakuwajibika kulipa euro 1,253.86 ambazo mwanawe wa miaka 13 alizitumia katika mchezo kwa kupiga namba za kulipia kupitia simu ya nyumbani. Mama huyo hakuwa amempa mtoto namba yoyote ya siri. Simu ilikuwa nyumbani, ikapigwa.

Hapo ndipo hali ya Afrika Mashariki inapotofautiana, na ndipo wajibu wa mzazi unapoanza kuonekana bila kificho. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, simu imekuwa pochi, na kinachoifunga pochi hiyo ni namba ya siri yenye tarakimu chache, ambayo katika nyumba nyingi mtoto anaijua kwa sababu ndiye anayetumwa kununua umeme au kumtumia bibi fedha. Namba ya siri ni saini, na masharti ya huduma za fedha kwa simu kwa kawaida humhesabu mteja kuwa ndiye aliyefanya kila muamala ulioidhinishwa kwa namba yake. Anayemkabidhi mtoto saini yake amemfanya mjumbe asiye na mpaka, na itakuwa vigumu kwake kudai baadaye kwamba ujumbe uliishia kwenye umeme. Zana kama Family Link ya Google, au ule utaratibu wa Apple ulioanza mwaka 2014 ambapo ombi la mtoto la kununua hutokea kwenye simu ya mzazi na kusubiri jibu, zinalirudisha swali la muuza duka, lakini zinadai mtoto awe na akaunti yake, ilhali watoto wengi wa ukanda huu huchezea simu ya mzazi ndani ya akaunti ya mzazi, na kwa duka hao hawapo.

Kwa hiyo lawama hugawanyika, ingawa si kwa nusu kwa nusu. Duka lililohifadhi kadi kimyakimya na kuacha mlango wazi linapaswa kubeba hasara hata kama mzazi alikuwa amelala. Mzazi aliyeitoa namba kwa mkono wake hana budi kubeba sehemu kubwa ya hasara iliyofuata, na kumchapa mtoto hakubadilishi hesabu hiyo. Makato yakishatokea, ombi la kurejeshewa lipelekwe mara moja kwa duka la programu lenyewe, likieleza kwamba mnunuzi alikuwa mtoto na kutaja umri wake, kwa kuwa kila siku inayopita humpa muuzaji sababu ya kusema kwamba mzazi aliridhia. Na namba ya siri ambayo mtoto anaijua leo ibadilishwe kabla shule hazijafungwa.