Mbegu isiyopimwa ni hatari kwa afya yako

"Daktari, ni kweli vyakula vya GMO huleta kansa?" Wagonjwa wengi wameniuliza swali hili tangu Oktoba 2022, serikali ilipoondoa marufuku iliyowekwa mwaka 2012 na suala hilo likafikishwa mahakamani. Nami huwauliza: mbegu yenyewe ilipimwa na nani?

GMO ni mmea uliotiwa jeni ya kiumbe kingine ili upate sifa mpya. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yametiwa jeni ya bakteria wa udongoni. Mmea hutengeneza protini inayoua viwavi watoboao mashina. Protini hiyo hushika sehemu fulani za utumbo wa kiwavi ambazo utumbo wa binadamu hauna.

Hivyo basi, kubadilishwa jeni si sumu. Hata hivyo, si kila mmea wa aina hii ulio salama. Huko Marekani soya ilitiwa jeni ya njugu za Brazil. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba ingeweza kuwadhuru watu wenye mzio wa njugu hizo. Mtu wa namna hiyo huweza kuvimba midomo, kushindwa kupumua na hata kufa. Soya hiyo haikuuzwa. Upimaji ulizuia maafa.

Sheria inasema nini?

Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2009 iliipa halmashauri ya NBA kazi ya kuchunguza kila mmea wa GMO kabla ya kuruhusiwa. Anayekiuka sheria hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi Sh20 milioni, kufungwa hadi miaka 10, au yote mawili. Kanuni za mwaka 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia moja ya GMO kiandikwe hivyo. Ubora wa mbegu nao hukaguliwa na KEPHIS.

Mlanguzi wa mbegu hukwepa haya yote. Aghalabu huchukua nafaka ya kawaida, akaipaka rangi na kuipakia katika mifuko inayofanana na ya kampuni halali. Mnunuzi hajui amepewa mbegu gani, wala imetiwa dawa gani.

Rangi si pambo

Rangi iliyo kwenye mbegu ni onyo kwamba imetiwa dawa ya kuua wadudu au ukungu. Nchini Iraq, mwaka 1971 na 1972, wanavijiji walisaga ngano ya kupanda iliyotiwa dawa yenye zebaki, wakapika mkate. Haikuwa GMO. Onyo lililoandikwa kwenye magunia halikuwa katika lugha yao. Wengine waliiosha wakidhani sumu imekwisha, kumbe iliyotoka ni rangi tu. Watu 6,530 walilazwa na 459 wakafia hospitalini.

Ufanye nini?

Wewe unayeishi mjini huenda ndiwe unayetuma pesa za mbegu nyumbani kila msimu. Zingatia haya:

1. Mbegu zinunuliwe katika duka lenye leseni. Kibandiko cha KEPHIS kikwanguliwe, na nambari iliyofichwa itumwe kwa SMS hadi 1393 kabla ya kupanda.

2. Mbegu iliyobaki isisagwe wala kulishwa kuku, hata ikioshwa mara kumi. Mfuko wake usitiwe unga.

3. Aliyekula mbegu yenye dawa anaweza kutapika, kuhara, kutokwa na jasho na mate mengi, au kupata kizunguzungu. Usimtapishe wala kumnywesha maziwa. Mkimbize hospitalini, hata kabla ya dalili kuonekana, na ubebe mfuko wa mbegu ili daktari ajue ni dawa gani.

Mbegu ya bei rahisi isiyo na kibandiko yaweza kukugharimu mavuno pamoja na uhai wa mtoto. Mpigie mzee simu leo, kabla hajafika sokoni.