Suluhu inavyochana mikeka, hesabu hii hapa

WANAOBETI matokeo kamili wanajua uchungu wake. Mkeka mzima umetiki, halafu mechi moja tu inaisha suluhu. Wengi huita gundu, lakini wataalamu wa takwimu Uingereza walishaliona jambo hili kitambo. Kazi yote ipo kwenye kuchagua mgawanyo wa uwezekano unaoendana na mabao.

Unaofahamika zaidi ni ule wenye umbo la kengele: wengi katikati, wachache pembeni. Kwa urefu wa wachezaji unafaa. Kwa mabao unakwama, maana hakuna timu iliyowahi kufunga bao moja na nusu, wala chini ya sifuri, ingawa kuna mastraika wanajitahidi.

Ndipo anapoingia Mfaransa Siméon Denis Poisson. Mgawanyo wake unahesabu matukio machache yanayoweza kutokea wakati wowote, na unachohitaji ni wastani tu. Wenyeji wakiwa na wastani wa mabao 1.5 na wageni 1.2, suluhu inatarajiwa mara 7 hivi katika mechi 100.

Tatizo, mwaka 1951 M.J. Moroney alipoujaribu kwa mabao ya England, haukukaa vizuri. Mabao yalitawanyika kuliko wastani ulivyoruhusu, kwa kuwa vigogo na vibonde walitiwa kapu moja. Mwaka 1982 Michael Maher akaipa kila timu nguvu yake ya kushambulia na ya kukaba, na Poisson akarudi mchezoni.

Ikabaki suluhu. Hesabu ile inachukulia kila timu inafunga kivyake, kama vile zipo viwanja tofauti. Wapi! Ikiwa 1-1 dakika ya 80, kocha anatoa winga, anaingiza beki. Mwaka 1997 Mark Dixon na Stuart Coles walionyesha kuwa 0-0 na 1-1 hutokea zaidi ya hesabu inavyosema, huku 1-0 na 0-1 zikipungua. Hawakumtupa Poisson, walirekebisha matokeo hayo manne tu.

Na walikuwa wakiwinda odds za kampuni za kubeti. Ila mkakati wao haukugusa kila mechi kama wafanyavyo wazee wa mikeka mirefu. Ulichagua zile tu ambazo hesabu yao ilipishana na odds kwa kiasi cha kutosha.