Spesa ya Gurudumu Isiwe Kitu cha Kubahatisha

Wapo katika visiwa vyetu watu wasiokubali kuziacha gari zao za zamani zioze uani. Morris Minor iliyorithiwa kwa babu, Land Rover ya miaka ya 1960, Corolla KE70 ambayo injini yake imeshabadilishwa. Wenye gari hizo sisi hatuwalaumu, bali tunawapongeza. Taabu yao kubwa huja katika tairi. Tairi za inchi 13 hazipatikani kwa wepesi kama zamani, ilhali rimu za alumini za inchi 14 na 15, zilizotolewa katika gari mpya zaidi za Kijapani, zipo tele. Basi mtu hununua rimu hizo, na ili zikae hununua spesa, yaani lile bamba la duara linalotiwa baina ya habu na rimu. Bamba hilo hubeba gari nzima pamoja na waliomo, na bado linanunuliwa kama mtu anunuavyo kifuniko cha mkebe.

Kwanza ifahamike kwa nini spesa huhitajika. Kila rimu ina kipimo kiitwacho ofseti, nacho ni umbali kutoka uso unaoegemea habu hadi katikati ya upana wa rimu. Gari nyingi za kale ofseti yake ni ndogo; gari za siku hizi zinazovutwa na magurudumu ya mbele zina ofseti kubwa, na rimu zake huingia ndani sana. Tuseme rimu ya zamani ni ya milimita 10 na mpya ni ya milimita 45. Ikifungwa hivyo hivyo, gurudumu litasogea ndani milimita 35, na pengine ligonge mkono wa usukani au springi. Spesa ya milimita 35 italirudisha pale pale alipoliweka mtengenezaji. Ikiwa rimu mpya ni pana zaidi kwa inchi moja, basi ukingo wake utaongezeka milimita 12.7 kila upande, na hilo nalo lipimwe kabla ya fedha kutolewa.

Hapa ndipo ulipo msimamo wetu. Spesa inayolirudisha gurudumu mahali pake haiongezi mzigo juu ya beringi, kwa sababu uzito unapita katika mstari ule ule wa awali. Spesa inayolitoa gurudumu nje ya mahali hapo, ili gari ionekane imetanuka mabega, huongeza mzigo huo na hufanya usukani uvute mkononi kila tairi moja inapoingia shimoni. Ya kwanza ni ufundi. Ya pili ni pambo, na pambo hilo hulipiwa na beringi.

Pili ni matundu ya bolti. KE70 ina bolti nne katika duara la milimita 114.3, na rimu nyingi za Toyota ndogo za baadaye ni za milimita 100. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho, na kila fundi hujua kwamba pahitajiwa spesa ya kubadilisha duara. Hatari zaidi ni Morris Minor, ambayo duara lake ni milimita 101.6. Rimu ya milimita 100 huonekana kama inaingia. Ukiikaza kwa nguvu, inakubali. Kumbe bolti zimepinda na nati hazikukaa sawasawa katika viti vyake, na kila mzunguko wa gurudumu unazichosha. Asiwepo fundi wa kumwambia mteja kwamba milimita moja na nusu si kitu.

Spesa nyembamba hutumia bolti zile zile za gari, na kila milimita ya unene wake ni milimita ya hesi iliyopotea. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike hesi kwa urefu usiopungua unene wa bolti: kwa bolti ya milimita 12 yenye hesi ya 1.5, hiyo ni mizunguko minane kamili. Isipofika, ziwekwe bolti ndefu zaidi au spesa irudishwe dukani. Spesa nene, kuanzia milimita 20 au 25, hufungwa kwenye habu kwa nati zake na huwa na bolti zake za kupokea rimu. Iliyo bora ni ya alumini iliyofuliwa, kama ile ya daraja la 6061-T6, si ya kumimina; tundu lake la kati hulingana na habu bila kucheza, na ina ukingo wa kuishika rimu mpya katikati. Zile zenye matundu marefu, zinazosemwa kuwa zinafaa kila gari, hazifai gari yoyote. Kuzipanga mbili pamoja ni kuchezea roho za watu.

Nati nazo hudanganya. Rimu nyingi za alumini za kiwandani za Toyota hutaka nati yenye shingo na washa bapa, ilhali rimu za chuma hutaka nati ya koni. Honda hutumia ya mviringo. Nati isiyo yake hulegea hata ikikazwa vipi.

Kwa wakubwa wanaohusika na ukaguzi wa magari tuna ombi. Katika Australia kanuni za kubadilisha magari zinazikataza spesa zisizotoka kiwandani. Katika Ujerumani huruhusiwa zikiwa na hati ya uchunguzi, kama ile ya TÜV. Sisi tunaipendelea njia ya Kijerumani. Mkaguzi avue gurudumu moja, atazame jina la mtengenezaji na vipimo vilivyochorwa, adai hati yake. Bamba lililokerezwa kutokana na chuma kisichojulikana asili yake lizuiwe hapo hapo, hata kama mkerezaji ni hodari.

Visiwani kuna adui mwengine, nayo ni chumvi. Alumini na chuma vikigusana katika hewa ya bahari huliana, na spesa hugandana na habu. Uso wa habu usuguliwe uwe safi, na grisi kidogo ipakwe kwenye ukingo wa kati tu, isifike kwenye hesi. Nati za milimita 12 za Toyota hukazwa kwa Nyutoni mita 103, kisha hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa spesa ya kufungwa, lazima rimu ivuliwe ili nati za ndani zifikiwe. Spana yenye kipimo cha nguvu ni ghali kwa fundi mmoja, lakini gereji tatu za mtaa mmoja zaweza kuinunua kwa shirika.