Ngege na kambare waweza kufugwa pamoja, mradi kwa mpango

MPANGO wa serikali wa 2009 wa kufadhili vidimbwi uliwavutia wakulima wengi nchini kufuga samaki. Kwa anayeanza Thika au Ruiru, swali kuu ni je, ngege na kambare wanaweza kuishi pamoja?

Ndiyo, mradi wachanganywe kwa mpango. Ngege huanza kuzaana wangali wadogo. Kidimbwi kikifurika vifaranga, wote hugombea chakula, wakadumaa na kukosa soko. Kambare huwala vifaranga hao na kupunguza msongamano.

Hata hivyo, kambare aliyewazidi ngege kwa umbo huwala hata waliokusudiwa sokoni. Hivyo basi, tangulia kuweka ngege. Wakishakua kidogo, ongeza kambare wachache walio wadogo kuwaliko. Asiyetaka kambare na afuge ngege madume pekee.