Ngozi ya Mzee na Jua la Mlimani

Leo tutazungumza habari ya ngozi, na hasa ngozi ya mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi. Ninyi mnaosikiliza kwa vikundi, nawaomba mchague mmoja wenu mwenye umri mkubwa, akae karibu na taa, maana tutamhitaji.

Shikamoo, mzee wetu. Na kama aliyechaguliwa ni bibi, shikamoo, bibi. Tafadhali kunja mkono wa nguo yako mpaka karibu na bega. Ninyi wengine, tazameni kwanza ngozi iliyo nyuma ya kiganja chake. Mtaona makunyanzi, labda na madoa, na ngozi yenyewe imekauka. Sasa ageuze mkono, mtazame sehemu ya ndani iliyo juu ya kiwiko, ile inayogusa mbavu. Je, mwaonaje? Hapo ngozi ni laini, na rangi yake ni moja. Kwa wazee wengine mtadhani mnatazama mkono wa mtu mwingine.

Basi, ngozi hizo mbili zilizaliwa siku moja. Umri wao ni mmoja. Tofauti ni kwamba moja imepigwa na jua miaka sitini au sabini, na nyingine ilikuwa imejificha. Kwa hiyo si kweli kwamba kila kitu tunachokiona katika ngozi ya mzee kimeletwa na uzee. Sehemu moja ni kazi ya miaka, nayo hatuwezi kuizuia. Sehemu ya pili ni kazi ya jua, ya moto, ya moshi wa tumbako na ya ukavu, na hiyo twaweza kuipunguza.

Tuanze na kazi ya miaka. Ngozi ina tabaka mbili, na chini yake kuna mafuta. Katika tabaka ya juu chembe mpya huzaliwa chini, hupanda polepole, hufa, kisha hupukutika. Kwa kijana safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja. Kwa mzee huchukua muda mrefu zaidi, na hii ni sababu moja ya kidonda chake kukawia kupona. Tabaka ya chini ina nyuzi nyingi zilizosukwa pamoja, mfano wa kitanda cha kamba. Kitanda kipya hukaza. Ukikilalia miaka mingi kamba hulegea, na katikati hubonyea. Nyuzi za ngozi nazo hupungua na kulegea vivyo hivyo. Ukimfinya mtoto nyuma ya kiganja, ngozi hurudi mara moja. Ya mzee husimama kidogo kama hema kabla ya kulala tena. Mafuta ya ngozi na jasho hupungua pia, na mishipa midogo ya damu hukosa kinga, hata mzee akijigonga kidogo tu mezani hupata doa la zambarau ambalo hakumbuki limetoka wapi.

Sisi wenye ngozi nyeusi tumepewa kinga, yaani ile rangi yenyewe, ambayo huzuia sehemu ya mionzi ya jua. Ndiyo maana makunyanzi huchelewa kwetu kuliko kwa Wazungu. Lakini kinga hiyo si ukuta. Jua lina mionzi isiyoonekana kwa macho, na mionzi hiyo haina habari na baridi wala joto. Mtu wa Marangu au Kibosho huamka katika ukungu wa Julai, akavaa sweta, akasema leo hakuna jua. Kumbe sehemu ya mionzi hupenya mawingu mepesi. Tena kadiri unavyopanda mlima, hewa huwa nyepesi, na mionzi huzidi kwa kama sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000. Mji wa Moshi uko kwenye mita 800 hivi; Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Baridi inazidi, na mionzi nayo inazidi.

Hata hivyo kihamba kina neema yake, maana migomba na miti mirefu hutupa kivuli. Taabu iko katika shamba la chini, kule tambarare, ambako wengi wetu hulima mahindi na maharage. Huko mama hushinda ameinama tangu asubuhi, shingo na mikono wazi. Kofia yenye ukingo mpana, au kanga iliyofungwa ikafunika shingo, na nguo ya mikono mirefu, ni dawa isiyo na gharama. Na kazi ambayo yaweza kufanywa kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na ifanywe wakati huo.

Huenda mtu akasema kwamba jua haliwezi kufanya makubwa hivyo. Mwaka 2012 jarida moja la madaktari wa Marekani lilichapa picha ya dereva wa lori, mzee wa miaka 69, aliyeendesha gari miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa karibu na dirisha, ulikuwa na makunyanzi mazito na mifuko ya ngozi. Wa kulia ulikuwa kama wa mdogo wake. Kioo cha dirisha hakikuizuia mionzi yote. Madereva wetu wa mabasi ya Moshi na Dar es Salaam hukaa kulia, basi wao na wautazame upande huo.

Lakini mlimani kwetu kuna jambo la pili, ambalo halisemwi sana. Ni moto wa jikoni. Bibi yangu alipenda kukaa karibu na mafiga wakati wa baridi, miguu imenyooshwa. Miguuni alikuwa na michoro myeusi kama wavu, na sisi watoto tulidhani kila bibi huzaliwa nayo. Michoro ile ni ngozi iliyochomwa na joto kidogo kidogo, siku baada ya siku, pasipo kutoa malengelenge. Mara nyingi haina madhara, lakini baada ya miaka mingi mahali hapo paweza kuota saratani. Mzee asiondolewe motoni. Asogezwe nyuma kidogo, afunikwe blanketi miguuni.

Hapa nataka mnisikilize sana. Jirani yetu mmoja aliungua mguu utotoni kwa uji wa moto. Kidonda kilipona, kikaacha kovu. Alipokuwa mtu mzima kabisa kovu lile lilipasuka, likawa kidonda kisichofunga. Akalitia majani, akalitia unga wa vidonge, akasema ni la zamani tu. Alikaa nalo miaka miwili. Alipofika hospitali ilikuwa saratani, na mguu ukakatwa chini ya goti. Yu hai, namshukuru Mungu, na anatembea kwa gongo. Kwa watu weusi saratani ya ngozi hupenda mahali kama hapo: kovu la moto, au kidonda cha miaka mingi mguuni. Kwa hiyo kidonda chochote kisichopona kwa mwezi mmoja, na hasa kilichoota juu ya kovu, kipelekwe kwa daktari.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino hatari ni kubwa zaidi, maana ngozi yao karibu haina rangi ya kuikinga, na saratani huwapata wakiwa bado vijana. Hapa Moshi wana msaada wa karibu. Katika Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, kilianzishwa mwaka 1992 chuo cha magonjwa ya ngozi, ambacho kimefundisha maafisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika. Hapo, katika miaka ya 2010, yalianza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtoto mwenye ualbino apakwe mafuta ya namna hiyo, avae kofia na mikono mirefu, na darasani akae mbali na dirisha lenye jua.

Sasa matunzo ya kila siku, nayo ni rahisi. Mzee asioge kwa maji ya moto sana, wala asijisugue kwa sabuni ya kufulia, kwa sababu huondoa mafuta machache aliyobakiwa nayo. Akitoka kuoga ajipanguse kwa kubonyeza taulo, kisha ajipake mafuta ngozi ingali na unyevu. Vaselini yatosha, mafuta ya alizeti yatosha. Si lazima kununua chupa yenye picha ya msichana.

Mwenye magaga aloweke miguu kwa robo saa, asugue polepole kwa jiwe, apake vaselini na kulala na soksi. Wembe usiguse kisigino, na hasa cha mwenye kisukari.

Muwasho wa wazee mara nyingi ni ukavu tu, wala haukutumwa na mtu. Ila ukizidi usiku, na wengine nyumbani wanajikuna, huo ni upele, na nyumba nzima hutibiwa pamoja.

Na mkorogo? Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimekatazwa na sheria, lakini bado huuzwa kwa siri. Anayejipaka anajivua kinga aliyozaliwa nayo, na ngozi hubaki nyembamba kama ya mzee kabla ya siku zake. Vile vidutu vidogo vyeusi usoni, mfano wa mbegu za ulezi, havina ubaya, viacheni.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja atazame nyayo zake mchana, na wenye macho dhaifu watazamiwe na wajukuu. Anayetafutwa ni doa jeusi linalopanuka, au kidonda kisichouma wala kupona. Atakayeliona asilikwangue, aende nalo kliniki vivyo hivyo. Kwa herini.