Umeme Jikoni: Shirika la Umeme Laweza Kusaidia Nini?

Katika miji ya Tanzania zipo nyumba nyingi zenye taa za umeme, televisheni na pengine jokofu, lakini chakula chake bado hupikwa kwa mkaa. Jambo hili halitokani na ujinga wala ukaidi wa wapishi. Lina sababu za kifizikia na za kiuchumi, na baadhi ya sababu hizo mpishi hawezi kuziondoa peke yake. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Yafaa basi kuchunguza ni kwa njia zipi shirika liuzalo umeme laweza kuzisaidia kaya kuuacha mkaa.

Joto la mkaa huenda wapi?

Kilo moja ya mkaa mzuri ina nishati ipatayo megajuli 30. Lakini katika tanuri la udongo kilo hiyo hugharimu kuni zisizopungua kilo sita hivi, na sehemu kubwa ya nishati ya kuni hizo hupotea porini kabla gunia halijafungwa. Tanuri hutoa hewa ukaa pamoja na methani, ambazo huzuia joto la dunia lisitoke angani. Miti mipya ikiota hufyonza tena hewa ukaa. Msitu usipoota tena, hewa hiyo hubaki. Jikoni nako, jiko la kawaida la mkaa hufikisha kwenye sufuria robo tu ya joto lake, au pungufu, na moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu.

Yatazamwe sasa maharage. Kupasha lita mbili za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 za Selsiasi huhitaji kilojuli 630, yaani chini ya robo ya uniti moja ya umeme. Baada ya hapo, joto jingi halifanyi kazi ila kugeuza maji kuwa mvuke, nao mvuke hutoroka. Jiko la presha la umeme huufungia mvuke huo ndani. Kani-eneo ifikapo mara mbili ya ile ya hewa, maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi, maharage huiva kwa muda mfupi zaidi, na kwa kuwa chombo kimezungushiwa kizuia joto, umeme hujikata wenyewe kila mara. Nusu kilo ya maharage huiva kwa chini ya nusu uniti. Ugali na chapati havifaidiki kiasi hicho, maana hupikwa wazi.

Kikwazo cha uniti 75

Katika bei za umeme zilizotangazwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja mdogo wa nyumbani wa TANESCO hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Wastani wake ukiendelea kupita 75, huhamishiwa kundi la kawaida, ambako kila uniti ni shilingi 292.

Ichukuliwe kaya itumiayo uniti 60, yaani shilingi 6,000. Ikianza kupikia uniti moja na nusu kwa siku, hufikia uniti 105 kwa mwezi. Hapo hulipa 7,500 kwa uniti 75 za kwanza na 10,500 kwa 30 zilizozidi, jumla shilingi 18,000. Ikihamishwa kundi, hulipa 30,660. Bei iliyowekwa kumlinda mnyonge inamrudisha kwenye mkaa pale anapojaribu kuuacha.

Dawa yake yajulikana. Nchini Uganda, mwaka 2022 mamlaka ya udhibiti wa umeme iliweka bei ya kupikia: uniti za 81 hadi 150 kwa mwezi zilitozwa bei nafuu kuliko zile za ngazi iliyotangulia. Hivyo aliyeongeza matumizi kwa ajili ya kupika alipunguziwa bei badala ya kuadhibiwa.

Chombo kwa mkopo

Mkaa hununuliwa kwa kopo, kadiri ya fedha ya siku hiyo. Umeme wa LUKU nao hununuliwa kidogo kidogo. Lakini jiko la presha halinunuliwi nusu. Hapa shirika lina nyenzo ambayo duka halina: laweza kumkopesha mteja jiko na kukata sehemu ndogo kila anunuapo umeme. Mfumo huo wa makato si mgeni. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikusanywa kwa njia ya LUKU.

Nguvu ya waya

Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa jumla wa megawati 2,115, nao umeme wake hautokani na kuchoma mafuta wala gesi. Lakini umeme mwingi bwawani hauna faida kwa mpishi ikiwa transfoma ya mtaa imelemewa. Majiko 80 ya wati 1,000 yakiwashwa pamoja saa moja jioni hutaka kilowati 80, mbali na taa. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu ya jiko hushuka hadi asilimia 68, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Hapana budi shirika liimarishe transfoma kabla ya kugawa majiko, na liwashauri wateja kupika maharage mchana, kwa kuwa jiko hilo hutunza joto hadi jioni.

Zoezi darasani

Wanafunzi wasome mita ya LUKU kabla na baada ya kupika nusu kilo ya maharage kwa umeme, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa. Wengine wapime uzito wa mkaa uliotumika kwa chakula hicho hicho. Kisha wakokotoe gharama kwa bei ya mtaa wao: kwanza kwa shilingi 100 kwa uniti, kisha 292, kisha 350. Walinganishe majibu yao na gharama ya mkaa, waone ni bei ipi kati ya hizo humshinda mpishi.