Somo juu ya Jina la Yohane

Leo twasema juu ya jina ambalo halikosi mwenyewe katika vijiji vya ukingo huu, toka Uvira hata Baraka na Fizi.

Mzee mmoja katekumeni aliniuliza: «Mwalimu, nikibatizwa Yohane, jina la babu yangu nalitupa? Nitakuwa Mzungu?» Swali hili si dogo, kwa maana kwetu jina la babu ndilo limfungalo mtu na ukoo wake.

Basi jueni ya kuwa Yohane si jina la Ulaya. Latoka kwa Wayahudi, waliosema Yohanani, maana yake Mungu amefadhili. Wafaransa wakaligeuza Jean, Waitalia Giovanni. Waprotestanti wasema Yohana, na majirani zetu Waislamu humwita Mbatizaji Yahya. Jina ni moja, vinywa ndivyo vingi. Naye Mbatizaji alipopewa jina palikuwa na shauri: jamaa walitaka aitwe Zakaria kama babaye, kwa kuwa ukoo haukuwa na Yohane. Baba, aliyekuwa bubu, akaomba kibao, akaandika Yohane, na ulimi wake ukafunguka.

Mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu ilikataza majina ya namna hii, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina hilo alitishwa kifungo. Akina Jean wakaandikisha majina ya asili. Amri ilikuwa ya jeuri. Hata hivyo, nadhani wako waalimu waliowahi kuona haya kutaja jina la babu kanisani, nao hawakufanya vema.

Pale Fizi, tarehe 28 Novemba 1964, waliuawa Padri Giovanni Didonè, Mwitalia, na Padri Albert Joubert, ambaye mamaye alikuwa Mwafrika. Siku ileile Baraka waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Wote wanne walitangazwa Wenye Heri mjini Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Kwa hiyo Yohane wa kwetu, zaidi ya Mbatizaji wa tarehe 24 Juni na Mwinjili wa tarehe 27 Desemba, ana somo wa tatu.

Nilimjibu mzee kwamba maji ya ubatizo hayafuti jina la babu, na kitabuni yataandikwa yote mawili. Akanyamaza. Kisha akasema amchagua yule wa Fizi, kwa kuwa alikanyaga udongo huu tunaoulima.